Kahawa ya Barafu ya Idi: Iliki, Tangawizi na Tui la Nazi

Asalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni jikoni. Leo tunamwandalia mgeni wa Idi kahawa ya barafu. Miaka hii Idi el-Fitri inatuangukia Machi, joto la kaskazi bado limetukaba, na mtu aliyepita nyumba tano akitoa mkono wa Idi, akifika kwako saa nane mchana hatamani kikombe cha moto. Ila ile ladha ya kahawa ya barazani, chungu, yenye tangawizi, bado anaitaka. Tutampa hiyohiyo, baridi.

Kabla sijawasha jiko, shikeni jambo hili: kinachoiharibu kahawa ya barafu ni maji. Unamimina kahawa nzuri juu ya barafu, mgeni anapiga soga kidogo, barafu inayeyuka, na anachokunywa mwishoni ni maji ya rangi. Kwa hiyo barafu yenyewe tutaigandisha kwa kahawa. Ndiyo maana kazi inaanza usiku wa kuamkia Idi.

Vipimo vyangu vinatoa glasi 8. Kahawa ya kusaga gramu 125, maji lita moja na kikombe kimoja na nusu, sukari vijiko 12 vya chakula, iliki punje 12, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu 3. Tatu tu, jamani. Karafuu ikizidi inameza kila kitu, hata kahawa hutaisikia. Kisha maziwa lita moja yaliyochemshwa yakapoa, na nazi moja iliyokomaa.

Kahawa mimi nachanganya nusu kwa nusu. Nusu arabika, ile ya Moshi au Mbinga, kwa ajili ya harufu. Nusu robusta ya Kagera, kwa ajili ya nguvu, maana robusta ni chungu zaidi, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na hapa inakwenda kukutana na maziwa, tui na barafu kwa pamoja. Arabika peke yake humo inapotea. Na kahawa ya Kagera na wageni ni watu wa siku nyingi: Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa na viungo zikakaushwa, anatafuna akiwa ameketi. Mimi hilo napenda sana.

Haya, iliki tunaitwanga pamoja na maganda yake, ipasuke tu, isiwe unga. Tangawizi tunaiponda. Tia vyote kwenye sufuria na maji, mdalasini na karafuu, funika, vichemke dakika 10 kwa moto wa wastani. Harufu ikishajaa jikoni, punguza moto, ndipo utie kahawa. Tazameni hapa: inapanda povu la kahawia, linakuja juu haraka. Usiondoke jikoni! Likifika karibu na ukingo, epua, koroga, rudisha mara moja tu, epua tena. Ukiiacha ichemke kwa muda mrefu inakuwa na uchungu mkali unaokwaruza kooni, na uchungu huo sukari haiutoi.

Iache itulie dakika 5, mashapo yazame. Chuja kwa kitambaa safi, mimina polepole, na ule mwisho mzito wa chini uuache kwenye sufuria. Sukari tia sasa hivi ikiwa bado ya moto, kwa sababu kwenye kahawa baridi itazama chini na kukaa hapo. Onja: iwe tamu kidogo kupita unavyopenda. Kitu kikipoa sana ulimi hausikii utamu wake vizuri, kesho itakuwa sawasawa.

Hapa mnapata kama vikombe 4. Ikipoa kabisa, vikombe 2 vinakwenda kwenye trei za barafu, kisha friza. Vikombe 2 vinavyobaki vinakaa kwenye chupa yenye kifuniko ndani ya friji. Ifunikeni, tafadhali. Kahawa inavuta harufu upesi, na friji ya mkesha wa Idi imejaa vitunguu na nyama iliyokolezwa viungo.

Tui sasa. Kuna nazi kwenye mbuzi, tia maji ya vuguvugu kidogo sana, kamua mara moja tu, chuja. Hili tui la kwanza ndilo tunalolitaka. La pili lipelekeni kwenye wali. Likilala kwenye friji, asubuhi mtakuta krimu imepanda juu na kuganda. Ichoteni kwa kijiko, tieni kijiko kimoja cha sukari laini, pigeni kwa mchapo mpaka ishike kama uji mzito. Haitaumuka sana, msiilazimishe. Asiye na nafasi atumie tui la kopo, ila lile zito.

Mgeni ameketi? Twende. Kila glasi vipande vitatu au vinne vya barafu ya kahawa, robo kikombe cha kahawa ya chupa, halafu nusu kikombe cha maziwa baridi, mkimimina taratibu pembeni mwa glasi. Ona yanavyoshuka: meupe yanapenya katikati ya barafu nyeusi, yanafanya michirizi kabla hayajachanganyika. Juu weka kijiko kikubwa cha krimu ya nazi, na ukwangulie kungumanga kidogo palepale. Iliyosagwa zamani haina harufu hii.

Watoto watengenezeeni yao: maziwa baridi, sukari, iliki na krimu ileile juu, bila kahawa. Watafurahi, na jioni watalala.

Pelekeni na kijiko kirefu pamoja na sahani ya kashata za nazi au za karanga. Mgeni akikaa sana, barafu ikiyeyuka, kahawa yake inazidi kukolea; mwongezeeni maziwa kidogo, anaendelea.