Nyumba Yako ya Kwanza: Anza na Koki Inayodondosha

Karibuni jamani. Umeshakabidhiwa funguo? Hongera sana. Mapazia yatasubiri, rangi nayo itasubiri. Leo ni maji, maana mwenye nyumba sasa ni wewe na bili ni yako.

Tafuta kwanza koki kuu, ile inayokata maji ya nyumba nzima. Mara nyingi iko jirani na mita au pale bomba linapoingilia ndani. Ifunge, ifungue. Imekwama? Usiitie nguvu. Mwite fundi aibadilishe wakati nyumba imetulia, usingoje siku sebule inaogelea.

Mita nayo: funga koki zote, soma namba, kisha kaeni saa moja bila mtu kugusa maji. Watoto waambiwe mapema. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Hapo funga koki kuu. Mita ikiendelea kuzunguka, shida iko kwenye bomba kabla ya hiyo koki. Ikisimama, iko ndani.

Yangu ilisimama, na mwizi ni huyu hapa. Ngoja nisogeze kamera... mnamwona? Tone moja kila sekunde. Hayo ni matone 86,400 kwa siku, karibu lita 20. Ndoo nzima!

Hii ni koki ya kizamani, ya kuzungusha mara kadhaa, na ndani yake kuna mpira mdogo unaoziba maji; ukichakaa, koki inadondosha. Kama yako inafunguka kwa robo mzunguko tu, ndani haina mpira huu; ina visahani vya kauri, na hiyo unabadilisha kiini chote.

Haya. Kata maji, fungua koki yaishe, ziba tundu la sinki. Msiniulize kwa nini tunaziba, mtaona skrubu inavyopenda kukimbilia humo. Ng'oa kifuniko, fungua skrubu, toa mpini.

Sasa tulieni. Chini ya mpini kuna nati kubwa. Kabla spana haijaigusa, shika mwili wa koki kwa mkono wa pili, au kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Shika mwili wa koki! Usiposhika, koki nzima inageuka pamoja na nati, na bomba linapindika au kukatika nyuma ya vigae. Hapo kazi ya mpira mmoja imegeuka kazi ya kubomoa ukuta. Mkono mmoja spana, mkono mwingine mwili wa koki. Nimeshika, mnaona? Zungusha kinyume cha saa, taratibu... imeachia. Hiki kilichotoka na nati ndicho kichwa cha koki, na mpira uko kwenye ncha yake ya chini.

Samahani, kioo cha kamera kimerukiwa na maji. Nafuta. Sawa.

Uone mpira wenyewe: umebonyea katikati, una alama ya duara kama muhuri, na ukingoni umechanika. Utoe, tia mpya wa saizi ileile. Nenda na wa zamani dukani, usikadirie kwa macho. Mimi nauza viboksi vyenye saizi mchanganyiko, nimeweka maelezo hapo chini, lakini hata mmoja wa dukani kwako utafanya kazi.

Ingiza kidole humo ndani, papase pale mpira unapokalia. Pakiwa laini, vizuri. Pakiwa na mikwaruzo au vishimo, mpira mpya utaliwa upesi, na hapo pananolewa kwa kifaa chake maalumu.

Kurudisha: zungusha kichwa cha koki hadi nusu wazi ndipo ukifunge mahali pake, mpira usije ukabanwa vibaya. Kaza nati. Na mkono wa pili uko wapi? Kwenye mwili wa koki! Kukaza nako kunapinda bomba, tena watu wengi hujisahau hapa kwa sababu wanaona kazi imekwisha. Kaza ikae imara, usikaze kwa hasira.

Mpini, skrubu, kifuniko, mnajua.

Fungua koki kuu polepole, huku hii ikiwa wazi kidogo. Itakohoa, itatema hewa, msiogope. Maji yakitulia, funga, kausha mdomo wa koki, tandika karatasi ya chooni chini yake. Baada ya dakika kumi ikiwa kavu, rudi ukasome mita tena. Bado inasogea? Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, tangi linavuja, na video ya choo inafuata nikichaji hii betri.