Mto Torrens, Bwana Torrens na hati miliki iliyofungiwa sandukuni kwako

Habari za nyumbani, wapendwa. Leo tuko Adelaide, Australia Kusini, ukingoni mwa Mto Torrens. Maji haya mapana nyuma yangu yamezuiwa na ukuta tangu 1881, ndiyo maana yametulia hivi. Mto wenyewe una kilomita kama 85, na kiangazi sehemu zake nyingi hubaki vidimbwi. Wenye ardhi hii, Wakaurna, wanauita Karrawirra Parri, mto wa msitu wa mikaratusi myekundu.

Sasa tusikilizane kuhusu jina, maana wengi huchanganya. Mto huu haukupewa jina la mtu aliyeanzisha hapa usajili wa ardhi kwa daftari la serikali, mfumo uliofika hadi kwetu. Umepewa jina la baba yake. Baba aliitwa Robert Torrens, na mwana naye Robert, Robert Richard Torrens. Baba alikuwa Mwairishi, kanali katika jeshi la majini la Uingereza, mwanauchumi aliyeandika sana, na mbunge pale London. Mwaka 1835 akawekwa mwenyekiti wa tume ya kuanzisha koloni la Australia Kusini. Mpango wa tume ulikuwa huu: ardhi iuzwe kwa bei maalumu, na fedha zake zilipie nauli za meli za vibarua kutoka Uingereza. Kwa hiyo koloni hili lilisimama juu ya biashara ya viwanja tangu siku ya kwanza. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwana alizaliwa Cork, Ireland. Mama yake ni Charity Chute. Akasoma Trinity College, Dublin, kisha 1836 akaingia idara ya forodha London kwa cheo cha chini, yule anayesubiri meli zipande na maji kujaa ili akague shehena. Mwaka 1839 akamwoa mjane, Barbara, mpwa wa Mungo Park, yule Mskoti aliyeufuata Mto Niger akafia kwenye maporomoko ya Bussa mwaka 1806. Familia hii basi ilikuwa na mguu mmoja Afrika Magharibi kabla haijafika huku. Desemba 1840 wakashuka hapa na meli Brightman, yeye akiwa mkuu wa forodha wa koloni.

Kazi ya bandarini ndiyo ufunguo wa mambo yote, tuitazame kwa karibu. Meli ya Kiingereza iligawanywa katika hisa 64. Ukitaka kununua, tuseme, hisa 16, hukuulizwa makaratasi ya wamiliki wote wa zamani. Ulikwenda kwa msajili, akafungua daftari, akasoma jina la mwenye hisa wa leo, akalikata, akaandika lako. Basi. Mwenye meli ni yule ambaye daftari linamtaja. Torrens aliishi na madaftari hayo miaka mingi.

Ardhi ilikuwa kinyume chake. Kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule, kila mauzo yalizaa hati mpya, na hati mpya ilitegemea ya nyuma yake, nayo ya nyuma zaidi, mpaka ile ya kwanza ya serikali. Ni mnyororo. Shamba likiuzwa mara sita, wakili wako azisome hati sita, na alipwe kwa zote sita. Kiungo kimoja kikikatika, kwa mfano mtu wa tatu alikufa bila wosia, au saini ya mke ilikosekana, wewe wa sita unaweza kunyang'anywa na fedha umeshatoa. Na kesho shamba likiuzwa tena, wakili mwingine anaanza upya kusoma zilezile. Hapa koloni viwanja vilikuwa vinauzwa kama mandazi, wenyewe wengine wako London, wengine wamekimbilia migodi ya dhahabu ya koloni jirani la Victoria. Inaelezwa kwamba kati ya hati 40,000 zilizotolewa, zaidi ya robo tatu zilipotea.

Torrens akaingia siasa na hoja moja: ardhi iuzwe kama hisa ya meli. Alikuwa mweka hazina katika serikali ya kwanza ya kujitawala, chini ya Boyle Travers Finniss. Mwaka 1857 akachaguliwa bungeni kwa jiji la Adelaide. Tarehe 1 Septemba 1857 akawa waziri mkuu wa koloni, na tarehe 30 mwezi huohuo serikali yake ilikuwa imekwisha. Mwezi mmoja tu! Lakini muswada wake ukapita, ukatiwa saini Januari 1858, ukaanza kazi Julai mwaka huo. Naye akaachia kiti cha ubunge akawa msajili mkuu, ausimamie mwenyewe. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake: sheria ngapi zimepitishwa zikaoza kwa kukosa mtu wa kukaa ofisini?

Haki itendeke pia kwa Ulrich Hübbe, mwanasheria Mjerumani kutoka Hamburg aliyekuwa akiishi hapa. Huko kwao usajili wa ardhi kwa daftari ulikuwapo zamani, na maarifa hayo aliyaleta mezani wakati muswada unaandikwa. Torrens alikuwa mtu wa forodha, hakuwa mwanasheria.

Utaratibu ulikwenda hivi. Mwenye shamba analeta maombi pamoja na hati zake zote za zamani. Zinakaguliwa. Tangazo linatolewa, na mwenye pingamizi anaweka zuio, lile tunaloita kaveti, ndani ya muda uliowekwa. Likipita bila pingamizi, hati za zamani zinafutwa, na cheti kipya kinaandikwa nakala mbili zinazofanana: moja inafungwa ndani ya daftari la serikali, nyingine anapewa mwenyewe. Kila cheti kina namba ya kitabu na ya ukurasa. Kitabu cha 1, ukurasa wa 1, kilikwenda kwa mfugaji William Ransom Mortlock. Rehani zinaandikwa juu ya cheti hichohicho. Na kwa kuwa msajili anaweza kukosea, kila anayeingiza shamba lake alichangia nusu peni kwa kila pauni ya thamani yake kwenye mfuko wa fidia. Shamba la pauni 480, mchango wake pauni 1. Aliyepoteza ardhi kwa kosa la daftari alidai kwenye mfuko huo.

Mawakili walikasirika, riziki yao ilikuwa imeguswa. Jaji Benjamin Boothby akaipinga sheria hii mahakamani, akasema ni batili, pamoja na sheria nyingine kadhaa za koloni. Mgogoro ukafika London, na mwaka 1865 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuthibitisha uhalali wa sheria za makoloni. Boothby akaondolewa 1867. Kufikia hapo Queensland, New South Wales, Victoria na Tasmania zilishachukua mfumo huu.

Torrens alirudi Uingereza, akawa mbunge wa Cambridge kuanzia 1868 hadi 1874. Nyumba aliyojenga hapa, Torrens Park, leo imo ndani ya shule ya Scotch College. Alifariki 31 Agosti 1884 nchini Uingereza. Yeye na Barbara hawakupata mtoto.

Na mfumo ukavuka bahari ukaja kwetu. Uganda, sheria ya usajili wa hati ilinakiliwa kutoka ya Victoria. Kenya ikapata yake 1919. Lakini ndugu zangu wa Mombasa, Kilifi na Kwale mnajua yaliyotangulia: sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai Pwani wajitokeze na ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda walioshika ardhi kwa ukoo, kwa kaya (misitu yao mitakatifu), kwa makaburi ya wazee, wangeleta karatasi gani? Daftari likaandikwa bila wao, na wajukuu wao wanaitwa maskwota mpaka leo.

Hapo ndipo udhaifu wa mfumo ulipo. Torrens alisema usiangalie nyuma, daftari linatosha. Lakini kama ukurasa wa kwanza uliandikwa vibaya, kila cheti kinachofuata kinabeba kosa lile kwa mhuri safi. Sheria ya Kenya ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inakubali hati ifutwe ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu, au kwa njia ya ufisadi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali: kampuni iliyonunua haikuwa ya kwanza kushika hati ile, na bado ikapoteza, kwa sababu ugawaji wa mwanzo haukuwa halali.

Kwa hiyo ukinunua ploti, usiishie kwenye ile karatasi moja ya upekuzi inayoonyesha jina la muuzaji. Omba historia nzima ya faili. Tazama barua ya kwanza ya ugawaji, ramani ya mipango iliyoambatana nayo, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na risiti za malipo. Nenda na mpimaji mtafute bikoni za mipaka kwa miguu. Waulize majirani hapo palikuwa nini miaka 30 iliyopita: njia, kiwanja cha mpira, kisima cha kijiji?

Wakaurna nao walikuwa wameahidiwa. Hati ya mfalme ya mwaka 1836 ilisema wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia. Viwanja vikauzwa hivyohivyo. Walipeleka madai yao mahakamani mwaka 2000, na Machi 2018 Mahakama ya Shirikisho ikatambua haki yao ya asili, lakini kwenye vipande tu vya eneo hili. Ardhi iliyokwisha kuingia kwenye daftari la Torrens kama mali ya mtu binafsi haikuguswa.