Wikiendi ya mbio inaamuliwa piti

Haya ndugu zangu, karibuni tuanze. Wengi mmeshaona video za zile boti za mbio za Marekani, haidropleni, zinavyopita juu ya maji, nyuma limepanda pazia la maji meupe, na macho ya wote yako kwa dereva. Leo nataka tuwaangalie mafundi, maana kwa ninavyoona mimi wikiendi ya mbio inaamuliwa piti, yaani pale nchi kavu boti zinapotengenezwa, huko majini tunaenda kuona matokeo tu.

Kwanza muijue boti yenyewe. Haidropleni za daraja la juu kabisa karibu zote zinatumia injini ya tabaini, ya aina ya injini za ndege, ya Lycoming T55, iliyotengenezwa kwa ajili ya helikopta ya Chinook, nguvu ya farasi kama 3,000, na kwenye mnyoosho zinakaribia maili 200 kwa saa. Kwa spidi hiyo boti haielei tena, inagusa maji kwa ncha za maelea mawili ya mbele na nusu ya propela basi, kwingine kote ni hewa. Sasa hewa ikizidi kidogo tu chini ya tumbo pua inanyanyuka, boti inapinduka kinyumenyume, na dereva ana kibawa cha mbele anachokicheza kwa miguu kuizuia isifike huko, ila upepo ukija ghafla anaweza asiwahi.

Ijumaa ni majaribio na kufuzu. Hapo timu inaweza kuwa na raha kabisa, boti inakamata kona vizuri, halafu mzunguko mmoja maji yanaingia kwenye injini na inazimika katikati ya mto. Boti inavutwa mpaka piti, kreni inainyanyua, mafundi wanapitisha kamera nyembamba ndani ya tabaini wakikagua mabapa yanayozunguka humo, moja baada ya jingine, na wakikuta hata moja limepinda basi injini nzima inatoka inaingia ya akiba. Watu hawa wengi wana kazi zao za wiki nzima, wamekuja hapa kwa mapenzi tu, na mimi hilo nawavulia kofia.

Jumamosi na Jumapili ni hiti, yaani zile mbio fupi za kukusanya pointi kabla ya fainali, na hapa ndipo watu wanakosea hesabu. Mshindi wa hiti anapata pointi 400, wa pili 300, wa tatu 225. Sasa chukua boti yenye kasi kuliko zote, inashinda hiti ya kwanza kwa mbwembwe, halafu gia boksi inakufa na hiti mbili zinazofuata haipati kitu, imebaki na 400 yake. Ile nyingine imekuja ya tatu mara tatu, ina 675, na pointi ndizo zinazokutengenezea njia ya fainali. Na sio kuharibika tu, ukivuka mstari wa kuanzia kabla ya saa ya kuhesabia kugonga sifuri unaadhibiwa, ukimbana mwenzio kwenye leni yake unaadhibiwa, hata injini ikinywa mafuta kupita kiwango kilichowekwa unaadhibiwa, yaani unaweza kutangulia kufika na bado usiwe mshindi.

Kupinduka nako lazima tukuseme kwa heshima. Dereva Bill Muncey alifariki mbioni Acapulco, Mexico, 1981, dereva mwenzake Dean Chenoweth mwaka uliofuata kule Tri-Cities, jimbo la Washington, na baada ya hapo madereva wakaanza kufungiwa ndani ya kanopi, kifuniko kigumu cha kiti cha dereva kama cha ndege ya kivita, wana maski ya hewa na mlango wa dharura chini ya boti ili watoke ikiwa imelala kifudifudi. Leo dereva mara nyingi anatoka anatembea, na mafundi wanakesha wanabandika kaboni ili Jumapili wawepo.

Na msidhani pesa ndiyo kila kitu. Miss Madison ilikuwa mali ya mji mdogo wa Madison, Indiana, boti kuukuu yenye injini ya Allison ya ndege za Vita vya Pili, na Julai 4, 1971, Jim McCormick akaiendesha ikachukua Gold Cup, kombe kubwa la mbio hizi, hapo hapo nyumbani kwenye mto Ohio mbele ya timu zenye hela. Pale piti walikuwa mafundi wa kujitolea.

Haya, kaka wa pale nyuma alitaka kuuliza kuhusu propela, uliza.