Usimfokee Dada wa Pampu

Sasa watu wangu wa Kisumu, na nyinyi wa Ahero, Muhoroni, Nakuru, popote mlipo na bando. Hapa ni Dallas, Marekani, niko ndani ya gari, leo sina taa wala mapambo. Binamu yangu wa boda pale Kondele amenitumia voisi: "Bro, ambia huyo rais wenu ashushe bei ya mafuta."

Nimecheka, maana hata Wamarekani huongea hivyo hivyo. Mwaka 2022 wastani wa bei ulipovuka dola 5 kwa galoni, watu walibandika stika za Biden kwenye pampu, akionyesha bei kwa kidole kama mtu anayejisifu. Lakini Urusi ilikuwa imevamia Ukraine, pipa la mafuta ghafi limepita dola 100. Rais wa huku hapangi bei ya pampu. Kila kituo kinajiwekea yake. Ukivuka barabara tu unakuta nyingine.

Kwetu ni tofauti kabisa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, inatangaza bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, mji kwa mji, Kisumu yake, Nakuru yake. Mwenye kituo pale Mamboleo akiipita, amevunja sheria. Kwa hivyo ukimfokea yule dada wa pampu kwa sababu mafuta ya mia mbili hayakufikishi Maseno, unamwonea bure.

Nakubali kuna mengine hatuna uwezo nayo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi 2013, tunanunua yaliyosafishwa tayari, kwa dola. Dola ikipanda, tunaumia. Hiyo wacha tulaumu dunia.

Lakini Julai 2023 si dunia iliyopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba hiyo petroli ikafika shilingi 211.64 Nairobi. Halafu Julai 2024, wiki chache tu baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, watu bado wanazika vijana wao waliouawa kwenye maandamano ya kuupinga, tozo ya barabara ikatolewa shilingi 18 ikawekwa 25 kwa lita. Hiyo ni tozo moja tu! Hapa Texas, ukijumlisha kodi ya mafuta ya serikali kuu na ya jimbo, ni senti 38.4 kwa galoni. Kwa lita hiyo ni kama shilingi 13. (Najua mtaniambia mshahara wa huku ni mwingine. Ndiyo, na hiyo inafanya hesabu yenu iwe mbaya zaidi. Ila msidhani huku ni bure, kodi anayolipa mwenye nyumba kwa serikali Texas inakata kama wembe.)

Sasa kitu kinachoniuma. Wavuvi wa Dunga, pale Ziwa Victoria. Injini ya boti inakunywa petroli usiku kucha, na kila lita ina ile shilingi 25 ya barabara. Barabara gani ziwani, jamani? Mama wa omena pale ufuoni anailipia bila kujua, ipo ndani ya bei ya gorogoro. Na pesa zenyewe, magavana na wabunge wamezipigania hadi kortini, ile bilioni 10.5, nani atengeneze barabara za kaunti.

Kwa hivyo mbunge wako akija matanga Jumamosi, akishika maikrofoni, msimuulize kuhusu vita vya Ulaya. Muulize alipiga kura gani kwenye VAT ya mafuta, Juni 2023. Akisema hakumbuki, Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, ina majina, moja moja. Na msimbebeshe ya tozo ya barabara, hiyo haikuja kama mswada, ilitoka wizarani. Huko kuna waziri, na waziri ana aliyemteua.

Niandikieni leo boda kutoka Kondele hadi Kibuye ni ngapi. Binamu ananiambia mia, na mimi simwamini.