Ukuta wa Sukari na Waliojibanza Nyuma Yake

Kwanza mnisaidie. Nani hapa amewahi kukata miwa kwa panga? Sisemi kutafuna, nasema kazi. Inueni mikono. Ahaa, mko wengi kuliko nilivyotarajia. Basi nikikosea mtanirekebisha.

Mkataba tunaouzungumzia leo, uliofungua mlango kwa sukari ya nje, ni huu. Tarehe 31 Oktoba 2000, nchi 9 za COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, Kenya ikiwemo, zilianza kuuziana bidhaa zao bila ushuru wa forodha. Wengi wetu tuliushangilia. Mkulima wa chai wa Kericho huuza Misri, na Misri imo. Wenye viwanda Nairobi waliona soko limepanuka. Mayowe yalitoka kwenye miwa.

Na hayakuwa mayowe ya bure. Nendeni Nakambala kule Mazabuka, Zambia, au Nchalo kando ya mto Shire nchini Malawi. Miwa ya huko hunyweshwa maji ya mto, shamba kubwa ni la kampuni, na miezi 12 hivi ikipita inavunwa. Sisi Mumias na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, tunatazama mawingu. Muwa unakaa shambani miezi 18, pengine zaidi. Mkulima ana ekari mbili tatu, barabara ni tope, trekta limekwama, na muwa uliokatwa hauna subira: kila siku unayolala juani unapungua utamu. Mwisho wa hesabu, tani moja ya sukari yetu hugharimu karibu mara mbili ya yao. Ukifungua mlango wote kwa siku moja, mitambo inazimwa.

Kwa hiyo Kenya iliomba kinga, yaani ruhusa ya kuwekea mpaka sukari ya nje inayoingia bila ushuru, na ilikuwa haki yake. Kifungu cha 61 cha mkataba wa COMESA kinairuhusu nchi ijikinge kwa muda. Lishikeni hilo neno, muda.

Mwaka 2008 tulikuwa na ratiba nzuri kabisa. Sukari ya COMESA iingie tani 220,000 bila ushuru, itakayozidi hapo ilipe asilimia 100. Mwaka unaofuata tani 260,000, na ushuru wa ziada asilimia 70. Kisha 300,000 kwa 40, kisha 340,000 kwa 10, na ifikapo 2012 mlango uwe wazi. Ngazi ya kushukia taratibu. Nasi tuliahidi kubinafsisha viwanda vya serikali, kutafuta mbegu zinazokomaa mapema, kutengeneza barabara za miwa, na kumlipa mkulima kwa utamu wa muwa badala ya uzito wake.

2012 ilifika, tukaomba tuongezewe. Tukaongezewa. Tukaomba tena, na tena. Hata Novemba 2023 tulipewa miaka miwili mingine, iliyokwisha Novemba 2025. Mtoto aliyezaliwa kinga ilipoanza amekwisha kumaliza chuo kikuu, na kiwanda chetu muda wote huo tulikuwa tukikibeba mgongoni kama kichanga.

Sasa nitawaudhi baadhi yenu. Sukari ya nje ni rahisi, ya ndani ni ghali, na miaka yote ya kinga kilichokuwa katikati ya bei hizo mbili ni karatasi iitwayo kibali. Mwenye kibali cha kuingiza sukari ndani ya mgao, yaani zile tani zisizolipa ushuru, alinunua kwa bei ya kwao na kuuza kwa bei ya kwetu. Hakupanda muwa hata mmoja. Ile tofauti haikwenda hazina wala haikufika shambani. Ilibaki mfukoni mwake. Na zimekuwepo nyakati ambapo kampuni za kusaga miwa, zilezile zilizolalamika kwamba sukari ya nje inaziua, nazo zilipewa vibali vya kuileta. Mtu wa namna hiyo utamshawishi vipi akarabati mtambo wa mwaka 1973? (Magendo sitayagusa leo. Yanataka jioni yake.)

Baba yangu mdogo alipeleka miwa kwenye kiwanda fulani, sitakitaja, akazungushwa kuhusu malipo hadi miwa ya msimu uliofuata ikawa imeshafika kiunoni. Naye aliitetea kinga kwa moyo wote. Mwanasiasa akipanda jukwaani na kusema sukari ya nje inatumaliza, yeye ndiye wa kwanza kupiga makofi. Lakini aliyekuwa na deni lake hakutoka Malawi.

Au tazameni Mumias. Ilianza kusaga 1973, ikauza hisa zake kwa umma 2001, ikawa fahari ya Magharibi yote. Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa, kwa sababu ya madeni. Ukuta wa kinga ulikuwa umesimama muda wote huo. Anayeniambia Mumias iliuawa na COMESA, namwomba anieleze hapo.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Ahadi ya kubinafsisha imetimizwa kwa namna yake. Najua wapo humu wenye hasira, hasa wafanyakazi wenye malimbikizo ya mishahara, na siwalaumu. Lakini mimi jicho langu liko kwenye ahadi nyingine, ile ya utamu.

Ukimlipa mkulima kwa uzito, ana sababu gani ya kupanda mbegu yenye sukari nyingi? Maji nayo yana uzito. Na kiwanda kikichelewa kukata, au lori likilala njiani siku tatu, muwa unakauka na hasara inamwangukia mkulima, kwa sababu mzani unangoja langoni. Kulipa kwa utamu kungebadilisha mengi kuliko ushuru wowote. Tatizo ni kwamba utamu hauonekani. Unahitaji mashine ya kuchukua sampuli na maabara ya kuipima, na vyote hivyo viko upande wa ndani wa geti, mikononi mwa mnunuzi. Mkulima anauona mzani kwa macho yake mawili na bado hauamini. Ile karatasi ya maabara ataiaminije?

Mzee wa kofia ya kijani, umekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipotaja mzani. Njoo mbele, chukua kipaza sauti.