Uwanja Wangu, Bomba la Mtaa: Kwa Nini Jiko Letu la Leicester Lingali Halijajengwa

Assalaamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Amu (Lamu), mlio mitaa ya Mkomani na Langoni na ng'ambo ya pili Mokowe. Tangu niwaonyeshe uwanja wa nyuma wa nyumba yetu hapa Leicester, swali moja limerudiwa na wengi, na ami yangu ndiye aliyeliuliza kwa ukali zaidi: ikiwa nyumba ni yako na hati ina jina lako, kwa nini ungojee barua ya kampuni ya maji ndipo uongeze jiko? Leo namjibu ami nikiwa nimesimama juu ya jibu lenyewe, kwani mfuniko huu wa chuma mnaouona karibu na mguu wangu ni wa chemba, yaani shimo la kulifikia bomba, na chini yake linapita bomba la majitaka ambalo si langu.

Nyumba za mitaa kama huu zilijengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, jiko na choo vikiwa upande wa nyuma. Mafundi wa zamani, badala ya kumchimbia kila mtu njia yake hadi barabarani, walilaza bomba moja nyuma ya safu nzima, likapita uwanja baada ya uwanja na kupokea maji ya kila nyumba. Kwa hiyo anayetaka kuongeza chumba nyuma, na nyuma ndiko karibu kila mtu anakoongezea, hulikuta bomba hilo mahali hasa anapotaka kuchimba msingi. Zamani mabomba mengi ya namna hii yalihesabiwa kuwa mali ya wenye nyumba, na likiziba, majirani waligombana juu ya nani alipe. Tarehe 1 Oktoba 2011 sheria iliyahamisha, katika Uingereza na Wales, yale yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja, yakawa chini ya kampuni za maji. Kuanzia siku hiyo likiziba wanakuja wao na gharama ni yao, lakini nawe huna tena uhuru wa kulijengea juu utakavyo. Kwa maoni yangu mapatano hayo ni ya haki, ingawa najua ami hatakubali.

Kanuni yenyewe ni kwamba ukitaka kujenga juu ya bomba hilo, au ndani ya umbali wa mita 3 kutoka kwake, upate kwanza makubaliano ya kampuni. Wengi hapa huchanganyikiwa kwa sababu ruhusa ya mipango miji ni jambo jingine kabisa: nyumba iliyoungana na jirani kwa kawaida inaweza kuongezewa chumba cha ghorofa moja nyuma, kisichotokeza zaidi ya mita 3, bila kuomba ruhusa hiyo, na mtu akisikia hivyo hudhani amemaliza. Hajamaliza. Bado kuna mkaguzi wa ujenzi, na bado kuna bomba.

Kampuni inachoogopa ni mambo mawili, uzito na njia ya kulifikia bomba. Mabomba mengi ya zamani ni ya udongo wa kuchoma, magumu lakini hayapindiki, na ukuta ukikaa juu yake na ardhi ikatitia hata kidogo, bomba hupasuka kwenye maungio, uchafu ukaingia ardhini na mizizi ya miti ikaingia ndani ya bomba. Yapo pia mabaya zaidi, yaliyolazwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, ambayo yalitengenezwa kwa nyuzi za karatasi zilizoloweshwa lami; hayo kadiri miaka inavyokwenda hubonyea yakawa na umbo la yai, na mtu akijenga juu yake hajui anajenga juu ya nini. Ndiyo maana kabla ya kuchimba huingizwa kamera ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu, ionyeshe hali ya bomba kutoka ndani, na ujenzi ukiisha huingizwa tena ili ithibitike kwamba hakuna kilichovunjwa.

Sasa, ami, ujenzi wenyewe utauelewa kuliko Mwingereza yeyote, kwa sababu umekulia chini ya wikio. Chumba kile kinavuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, uzito wake unabebwa na kuta za pande mbili, na chini yake watu na punda wanapita bila kuguswa na kitu. Hapa bomba ndilo kichochoro. Msingi huchimbwa pande zote mbili hadi chini ya kina cha bomba, ili mzigo ushuke kwenye ardhi iliyo chini yake badala ya kulikandamiza kutoka ubavuni. Kisha juu yake hulazwa linta, yaani boriti, ya zege yenye nondo, na pale linapopenya ukuta huachwa nafasi ya milimita 50 kulizunguka, ukuta ukititia usiliguse. Nafasi hiyo hufunikwa kwa kipande cha ubao mgumu pande zote mbili ili mchanga na panya wasiingie.

Chemba ina hukumu yake peke yake. Huruhusiwi kuifungia ndani ya chumba, kwa kuwa ndiyo mlango wa mafundi siku majitaka ya mtaa mzima yatakapokwama, na hakuna anayetaka mfuniko huo ufunguliwe kando ya meza ya chakula. Chemba yangu iko katikati ya jiko ninalolikusudia, kwa hiyo lazima ihamishwe hadi nje ya ukuta mpya, na hicho ndicho kinachosubiriwa, si uvivu wangu kama ilivyosemwa kwenye kundi la familia.

Wapo wanaojenga kimya kimya, na kuta zao zimesimama. Taabu huwapata wanapouza: wakili wa mnunuzi huagiza taarifa za maji na majitaka za nyumba hiyo, bomba linaonekana kwenye ramani, makubaliano hayaonekani, na mnunuzi anaanza kushusha bei au kuondoka.

Mtaniambia kwamba Amu hakuna bomba la mtaa. Ni kweli, kuna mashimo, na shimo ni lako peke yako. Lakini maji yake hayajui mpaka, na katika mji ambao kuta zimebanana hivi, kisima cha jirani kiko karibu kuliko mita 30 ambazo wataalamu wa afya hupenda zitenganishe shimo na kisima. Zaidi ya hayo, gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia katika vichochoro vya Mkomani, kwa hiyo shimo hufunguliwa na kuzolewa kwa mikono, na likishajengewa chumba juu, atakayelizoa atavunja sakafu.

Basi ami, kwa kile chumba unachotaka kukiongeza uani kwa bibi, kabla fundi hajamwaga zege muulize kwanza mfuniko wa shimo uko wapi, maana ulifunikwa kwa saruji ua ulipotengenezwa upya. Mwambie aufukue, apime shimo linafika wapi chini ya ardhi, asiuweke ukuta juu ya dari ya shimo, na mfuniko aubakishe nje ya mlango. Akisema haiwezekani, nipigie kabla hujamlipa.