Paneli za sola kwenye paa lililolala: kuzishikilia juu ya bati la Goma

FURAHA: Jambo kwenu, wa Himbi, Katindo, Majengo, na ninyi wa Bukavu mnaotusikiliza kila juma. Leo tunapanda juu ya nyumba. Papa Bahati, swali limetoka Ndosho. Mama mmoja ana paneli nne za wati 450 na paa lake limelala, mteremko hauonekani. Fundi wa kwanza anataka kumtengenezea meza za chuma zenye miguu ili paneli ziinuke. Wa pili anasema zilazwe moja kwa moja juu ya manjanja, yaani mabati. Amsikilize nani?

BAHATI: Wa pili yuko karibu na ukweli, ila hajaufikia. Zile nyuzi 30 za kuinua paneli tumezitoa kwenye video za Ulaya. Kule jua linapita chini upande wa kusini, lazima ulitazame. Goma haifiki nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita linaelekea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaelekea kusini, na miezi mingine linakaribia utosi. Paneli ikifuata mteremko wa bati lako haipotezi kitu cha kukunyima usingizi.

FURAHA: Basi ilale tu.

BAHATI: Ilale, lakini isiwe tambarare kabisa. Nyuzi 10 hivi, ili mvua iioshe. Paneli tambarare inabakiza tope kwenye fremu ya chini, na wewe unalijua vumbi letu jeusi. Ule mstari wa tope ukifunika safu moja ya seli, vile vipande vyeusi vinavyotengeneza umeme, umeme unapungua kuliko ukubwa wa uchafu wenyewe, kwa sababu seli zimeunganishwa mfululizo: moja ikikwama, wenzake wanakwama nayo. Paa la huyu mama likiwa na nyuzi 5, aweke vishikizo vya upande wa juu virefu zaidi kwa sentimita 10 kuliko vya chini. Paneli ina upana wa mita moja na kidogo, inatosha.

FURAHA: Na zile meza kosa lake ni nini? Mjini ziko nyingi.

BAHATI: Upepo, mama. Paneli ya wati 450 ina kilo 22 hivi, na eneo lake ni mita 2 za mraba. Wawili wanaibeba wakihema, halafu wanajiambia kitu kizito hivi kitaenda wapi. Sasa chukua upepo wa kilomita 90 kwa saa, dhoruba ya kweli. Unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 39 kwa kila mita ya mraba. Paneli yako moja inapokea kilo 78. Ukiisimamisha juu ya miguu, upepo unaingia chini yake kama kwenye tanga la mtumbwi.

FURAHA: Isiposimama, je, ikilala?

BAHATI: Ikilala inapona sehemu, si yote. Paa lililolala lina ujanja wake. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu ya ukingo wa paa, na pale unapoachana na bati unafyonza. Unavuta kwenda juu. Kwenye pembe za paa mvuto huo unaweza kuwa mara mbili ya ule wa katikati. Kwa hiyo paneli zikae katikati, ziache nusu mita kutoka kila ukingo. Najua paa ni dogo, najua unataka kujaza. Usijaze.

FURAHA: Kwa hiyo mafundi wanaouliza kama paa litabeba uzito…

BAHATI: Wanauliza nusu ya swali. Kazi kubwa ya visi, yaani skrubu, ni kuzuia paneli isiruke. Ukiisha kuelewa hivyo, hutafunga kwa waya, hutaweka mawe, hutatumia mipira ya magurudumu iliyokatwa. Na hutafunga visi kwenye bati peke yake. BG 32, lile bati jembamba, ni kama karatasi, visi vinatoka na kipande cha bati mdomoni. Lazima viingie kwenye mbao.

FURAHA: Mbao iko chini ya bati, haionekani. Anaipataje?

BAHATI: Anafuata mstari wa misumari. Penye misumari pana papi, ile mbao iliyolazwa kuvuka kenchi. Na akitembea, akanyage palepale. Atoboe tundu dogo kwanza, kwa sababu karatusi ikikauka ni ngumu na inapasuka ukiilazimisha. Visi viingie ndani ya mbao angalau sentimita 4. Kama papi ni nyembamba, apande kwenye dari aongeze ubao chini yake. Halafu, na hapa wengi hawafiki, aangalie papi imeshikwa na nini. Msumari mmoja? Basi upepo utaondoka na paneli, reli, bati na papi pamoja. Kwenye nyumba zetu za mbao nasisitiza hapo kuliko popote: ukanda wa chuma kutoka papi hadi kenchi, na mwingine kutoka kenchi hadi nguzo ya ukuta. Ukanda ni bei ndogo sana ukilinganisha na paneli.

FURAHA: Tundu kwenye bati lililolala, mvua ya Goma… Mimi ningeogopa.

BAHATI: Ogopa, ni haki yako, maji kwenye paa hili yanatembea polepole na yakipata nafasi yanarudi nyuma. Toboa kwenye mgongo wa wimbi, usitoboe bondeni maji yanapopita. Chini ya kishikizo weka mpira mweusi mzito, na visi viwe na washa yenye mpira. Kaza mpaka mpira utoke kidogo pembeni, uache. Ukiuponda umepasuka, na hutaona mpaka msimu wa mvua. Silikoni ni msaidizi tu. Tena uinuse: ile yenye harufu ya siki inakula zinki ya bati. Nunua isiyo na harufu hiyo.

FURAHA: Kula zinki tena! Kama volkano haitoshi.

BAHATI: Umelitaja lenyewe. Nyiragongo ikitoa moshi, ndani mna dioksidi ya salfa, na ikikutana na mvua inakuwa asidi. Kila mwenye nyumba hapa anajua bati lake linavyobadilika rangi. Watengenezaji wa paneli wanadhamini umeme wake kwa miaka 25 hivi. Bati jembamba la mji huu halifiki huko. Ukifunga paneli mpya juu ya bati lililoanza kuwa jekundu, baada ya miaka michache utafungua kila kitu ili ubadilishe bati. Afadhali abadilishe sasa mabati yatakayokaa chini ya paneli, atie BG 28, bati nene zaidi, iliyopakwa rangi. Hata kama itabidi anunue paneli tatu badala ya nne. Mimi ningefanya hivyo.

FURAHA: Atakuchukia, papa.

BAHATI: Anichukie akiwa mkavu.

FURAHA: (anacheka) Reli ziwe za nini?

BAHATI: Alumini, na bolti za inoksi, chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kuchomelea kinawezekana, lakini kila penye alama ya moto ya kuchomelea kutu inaanzia pale, kwa hiyo apake rangi ya kuzuia kutu vizuri. Na afagie paa kabla ya kushuka! Zile chembe za chuma za drili zikilala juu ya bati usiku mmoja wa mvua, asubuhi ni madoa mekundu. Shaba pia isiguse bati wala alumini. Maji yakipita kwenye waya wa shaba ulio wazi na kudondoka juu ya zinki, yanaila.

FURAHA: Lakini waya wa kupeleka radi ardhini si wa shaba?

BAHATI: Ni wa shaba, ndiyo maana unaunganishwa na reli kwa kishikio cha inoksi na kushushwa ndani ya bomba la plastiki. Asiuache huo waya. Utafiti wa radi kwa setilaiti uliotoka 2016 uliiweka Kabare, hapo jirani ya Bukavu, ya kwanza Afrika: radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Shida ya Goma ni kwamba chini ni jiwe la lava, nondo haiingii na jiwe halipitishi umeme vizuri. Achimbe mtaro penye udongo, alaze waya mrefu. Tutaurudia siku nyingine na fundi wa umeme.

FURAHA: Nafasi kati ya paneli na bati?

BAHATI: Sentimita 10 hadi 15. Paneli ikipata moto inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila digrii juu ya 25, na bati la saa saba mchana ni jiko. Vibanio vishike fremu karibu na robo ya urefu kutoka kila mwisho, na asitoboe fremu, dhamana inakufa.

FURAHA: La mwisho, na ndilo wananiandikia zaidi: wezi.

BAHATI: Nati zinazokatika kichwa ukizikaza, mbili kwa kila paneli. Zile ngome za nondo mnazochomelea juu, hapana. Kivuli cha nondo kinakaa kwenye seli mchana kutwa, umejiibia mwenyewe kabla mwizi hajaja.

FURAHA: Mama wa Ndosho, umesikia. Tutumie picha ya papi zako kabla hujamlipa fundi yeyote. Aksanti, Papa Bahati.

BAHATI: Aksanti. Na apige picha kutoka darini, si kutoka barabarani.